Sumaku kwenye oili ya injini: inanasa nini, inaacha nini

"Shikamoo fundi. Nina gari la petroli la silinda 4 nililolinunua likiwa limeshatumika, na sasa limefika kilomita 146,000. Wiki iliyopita nilimwaga oili mwenyewe kwa mara ya kwanza. Boliti ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ilitoka na sumaku ndogo kwenye ncha, imejaa tope la kijivu karibu jeusi. Nikaogopa, nikalifuta, nikarudisha boliti. Jirani yangu anasema injini inajila. Ananishauri nitoe sumaku za spika mbovu nizibandike kuzunguka filta ya oili na nyingine niitumbukize ndani ya sampu, eti oili itakaa safi na nitaweza kuitumia hadi kilomita 20,000. Fundi mwingine anapinga, anasema sumaku hunyonya dawa zilizomo kwenye oili na kuifanya nyepesi. Nimsikilize nani? Na hilo tope ni dalili kwamba injini inakufa?"

Marahaba. Nianze na tope, kwa sababu hilo ndilo lililokukosesha usingizi. Habari za spika zinaweza kusubiri.

Tope la kijivu, laini kama wanja, lililopaka ncha ya sumaku ndicho kitu hasa alichotarajia mtengenezaji alipoamua kuiweka sumaku hapo. Ungeniambia injini ya kilomita 146,000 imetoa boliti safi inayong'aa, ningekuuliza kwanza kama hiyo sumaku bado inavuta. Jirani yako hajakosea kusema injini inajila. Kila injini inajila, tangu siku ya kwanza inapowashwa. Tunachotaka kujua ni inajila kwa kasi gani, na ni sehemu gani yake inayoliwa.

Kuna jambo hukulisema: uliligusa? Siku nyingine vaa glavu nyembamba ya mpira, chukua tope kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, usugue taratibu. Likiteleza kama grisi, huhisi hata punje, huo ni unga wa chuma uliochanganyika na oili na masizi, basi. Ukihisi mkwaruzo kama wa mchanga, au ukilielekeza kwenye mwanga wa jua ukaona vipande bapa vinavyometameta, au vijiti vyembamba kama sindano, hapo tunazungumza lugha nyingine, nami nitaifikia chini. Glavu nimezitaja kwa makusudi. Oili iliyotumika haifai kukaa kwenye ngozi mara kwa mara, na mafundi wengi wa rika langu tulilijua hilo tumeshachelewa.

Sasa huo unga unatoka wapi? Ndani ya injini vyuma havitakiwi kugusana. Krenki, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, inaelea kwenye beringi zake juu ya utando wa oili, ringi za pistoni zinateleza kwenye ukuta wa silinda juu ya utando mwembamba zaidi, na pale kemshafti inaposukuma valvu, utando unaweza kuwa chini ya mikroni 1. Mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwa chako una unene wa mikroni 70 hivi. Utando huo ukikatika, vyuma vinakwanguana. Unakatika asubuhi unapowasha injini wakati pampu haijafikisha oili juu. Unakatika oili ikiwa imechoka au imepungua. Unakatika pia chenga ngumu inapojipenyeza katikati yake, na hiyo chenga ndiyo inayokuhusu wewe leo.

Chenga kubwa kuliko uwazi wa beringi haiwezi kuingia. Iliyo ndogo sana inapita na oili kama vumbi kwenye mto. Inayoleta madhara ni ile inayokaribiana na unene wa utando wenyewe: inaingia, inagusa pande zote mbili, na inavuta mstari. Mstari huo unatoa chenga nyingine, na hizo nazo zinaendelea kuzunguka. Kwa hiyo anayetaka kupunguza chenga ndani ya oili ana haki ya kutaka hivyo. Wazo la jirani yako halikutoka hewani.

Kazi hiyo kwa kawaida ni ya filta. Pampu inafyonza oili kutoka kwenye sampu kupitia chekeche ya waya, inaisukuma kwenye filta, kisha oili inasambaa kwenye beringi. Karatasi ya filta nzuri inazuia karibu chenga zote za kuanzia mikroni 30 hivi kwenda juu. Za mikroni 10 inazuia sehemu tu, na za mikroni 3 nyingi zinapita. Mtu huuliza kwa nini wasiweke karatasi yenye matundu madogo zaidi. Ni kwa sababu oili inatakiwa ipite haraka, lita nyingi kwa dakika, hata asubuhi ikiwa nzito. Karatasi ikibana mno, au filta ikiwa imejaa uchafu, valvu ndogo ndani ya filta inafunguka na kuipitisha oili bila kuchujwa. Aliyeisanifu alikubali hilo kwa sababu ni afadhali beringi ipate oili chafu kuliko ikose oili kabisa.

Sumaku, ukiitazama kwa jicho hilo, ina faida mbili za kweli. Haizibi njia ya mtu, kwa hiyo inaweza kushika hata vile vidogo ambavyo karatasi inaviachia. Na inaendelea kushika hata valvu ya filta inapokuwa wazi. Tatizo ni kwamba mkono wake ni mfupi.

Nguvu inayoivuta chenga inategemea ujazo wa chenga hiyo, wakati ukinzani wa oili unategemea upana wake. Chenga ikipungua upana mara 10, mvuto unapungua mara 1,000, lakini ukinzani wa oili unapungua mara 10 tu. Ukilinganisha, chenga hiyo ndogo inasogea kuelekea sumaku polepole mara 100 kuliko ile kubwa. Ongeza na hili: mvuto wenyewe unashuka vibaya kadiri unavyokaa mbali. Jaribu nyumbani na sumaku yoyote na pini. Ikiwa pini iko milimita 5 kutoka kwenye sumaku inaruka yenyewe. Isogeze sentimita 5, imelala tu. Ndani ya sampu hali ni hiyohiyo, ila pini yako ni vumbi, na vumbi lenyewe limo kwenye mto unaokimbia.

Mbona basi boliti yako ilijaa? Kwa sababu inapata nafasi nyingi. Oili ya chini ya sampu imetulia zaidi kidogo kuliko ya kwingine, vizito vinazama vyenyewe kuelekea huko, na injini ikiwa kwenye mwendo, oili yote inapita kwenye pampu mara kadhaa kwa dakika. Chenga iliyoikosa sumaku leo itapita tena karibu kesho. Baada ya kilomita elfu kadhaa, tope linajengeka.

Lakini usidanganywe na wingi wake kwa macho. Tufanye hesabu kidogo. Injini yenye lita 4 za oili inabeba kilo 3.5 hivi. Tuseme umepeleka oili iliyotumika maabara, wakakuta chuma sehemu 20 kwa milioni, kiwango ambacho hakimshtui mtu kwa injini nyingi za petroli. Ukizidisha unapata gramu 0.07. Chuma chote kinachoelea ndani ya oili hiyo, ukikiyeyusha kiwe kipande kimoja, hakifikii hata ukubwa wa punje moja ya mchele. Tope kwenye boliti linaonekana jingi kwa sababu unga wa chuma kwenye sumaku husimama kama manyoya na kushika oili katikati yake. Lipanguse kwenye karatasi, lioshe kwa mafuta ya taa mbali na moto, likauke; utashangaa lilivyobaki kidogo.

Hapa nifike kwenye kile ambacho wauzaji wa sumaku hawakitaji kwa sauti. Sumaku inashika chuma na chuma cha pua cha aina fulani tu. Inashika mabaki ya ringi, ukuta wa silinda wa chuma cha kusubu, kemshafti, cheni ya taimingi, meno ya pampu. Haishiki alumini, na pistoni ni za alumini, mara nyingi na bloku pia. Haishiki shaba, risasi wala bati, na beringi za krenki zimetengenezwa kwa tabaka za vitu hivyo. Wala haishiki vumbi la mchanga linaloingia kupitia filta ya hewa iliyochanika au bomba lisilokaza vizuri. Vumbi hilo ni gumu kuliko ukuta wa silinda wenyewe, na katika injini nyingi nilizofungua zikiwa zimekwisha mapema, mlango wa balaa ulikuwa kwenye filta ya hewa.

Niliwahi kuletewa gari lenye mlio wa kugonga kutoka chini, mzito, unaoongezeka ukikanyaga mafuta. Mwenyewe alikuwa ameweka boliti yenye sumaku kali na alijivunia. Tukaifungua pamoja: sumaku ilikuwa na ukungu mwembamba wa kijivu, si zaidi ya wako. Akanitazama kama mtu aliyeshinda ubishi. Nikaomba filta ya zamani, nikaikata bati lake, nikatoa karatasi, nikaikamua kwa jiliwa, kisha nikaikunjua juani. Kila kunjo lilikuwa limejaa vumbi la fedha, na katikati yake vipande vidogo vya rangi ya shaba. Nikapitisha sumaku juu yake, hakuna kilichotikisika. Beringi za koni, yaani za mikono inayounganisha pistoni na krenki, zilikuwa zimeliwa hadi tabaka la shaba, na sumaku ilikuwa imekaa pale pale siku zote bila kuona chochote. Si kosa lake. Hakuna aliyeipa macho ya kuona shaba.

Ndiyo sababu naichukulia sumaku kama shahidi. Ukiiuliza kuhusu chuma, itakujibu vizuri, na jibu lake ni la thamani. Kuitegemea iilinde injini ni kumpa shahidi kazi ya askari. Unga ulioko kwenye ncha ya boliti umeshatoka mahali pake, na kidonda kimeshakuwepo. Kuuondoa kunapunguza chenga zinazozunguka, na hilo ni jambo jema, ila sijawahi kuona injini niliyoweza kusema kwa uhakika kwamba imeokolewa na sumaku. Zilizookolewa kwa sababu mtu aliitazama sumaku, akashtuka mapema, akazima, hizo nimeziona.

Sasa yule fundi mwingine. Dawa za oili, yaani zile za kusafisha, za kuzuia kutu na za kulinda vyuma vinapogusana, ni kemikali za zinki, fosforasi, kalsiamu, magnesiamu na kadhalika zilizoyeyuka ndani ya oili. Hakuna hata moja ambayo sumaku ya gari inaweza kuivuta. Oili yenyewe pia haibadiliki uzito kwa kukaa karibu na sumaku. Inakuwa nyepesi kwa kuchanganyika na petroli au kwa dawa zake za kuongeza uzito kukatika, na sumaku haihusiki na lolote kati ya hayo. Kuna hoja nyingine ambayo hakuitaja lakini utakutana nayo: kwamba chenga zikishanaswa na sumaku zinaweza kubanduka kwa pamoja kama donge na kuelekea kwenye beringi. Donge likibanduka kutoka kwenye boliti ya sampu, njia yake inapita kwenye chekeche na filta kwanza, na donge ni rahisi kulizuia kuliko vumbi. Sijawahi kulala macho kwa ajili ya hilo.

Za spika je? Sumaku nyingi za spika ni za ferraiti, zile nyeusi zenye umbo la pete. Joto la injini haziliogopi. Shida ni bati la filta. Filta nyingi za kufunga kwa mkono zina gamba la chuma, na nguvu ya sumaku hupenda kupita ndani ya chuma kuliko kukivuka. Ukibandika sumaku dhaifu juu yake, sehemu kubwa ya nguvu inazunguka ndani ya gamba lenyewe na kurudi, na kinachofika kwenye oili ni kidogo. Sumaku kali za neodimiamu zinalishibisha gamba, na ziada inapenya ndani. Hizo zinaweza kushika kitu. Mahali pake si pabaya pia, maana kwenye filta hizo oili chafu huzunguka kwanza kati ya gamba na karatasi kabla ya kuchujwa. Ukiamua kuziweka, funga kwa mkanda usiolegea, mbali na feni na mikanda, na mbali na sensa ya krenki kama iko jirani, kwa kuwa sensa nyingi za aina hiyo hufanya kazi kwa sumaku na hazipendi mgeni. Na zisitolewe kabla ya kufungua filta. Ukizitoa kwanza, ulichonasa kinaachiliwa.

Neodimiamu nayo ina udhaifu wake. Ile ya daraja la kawaida imepangiwa nyuzijoto 80 tu za Selsiasi. Oili ya injini iliyopata moto huwa kati ya 90 na 120, na ukiwa umepakia mzigo mlimani inaweza kupanda zaidi. Sumaku ya bei ya chini itapoteza nguvu yake taratibu huku wewe ukiamini inafanya kazi. Zipo za madaraja ya juu zinazohimili 120, 150 hata 180, na zipo za samariamu na kobalti zinazovuka 200 bila wasiwasi. Muuzaji asiyejua sumaku yake inahimili nyuzi ngapi, muachie bidhaa yake.

Kuhusu kutumbukiza sumaku ndani ya sampu, nakuomba usifanye. Sampu ya alumini haiishiki, kwa hiyo itatembea. Sampu ya bati itaishika, lakini siku ikigongwa na jiwe kutoka chini inaweza kubanduka. Na sumaku, iwe ya ferraiti au ya neodimiamu, hupasuka kama kigae. Kipande cha ferraiti ni jiwe kwa ugumu wake. Umetaka kutoa punje laini za chuma, umeweka kokoto. Hata boliti zenye sumaku zina nzuri na mbaya. Ile ambayo sumaku imebandikwa kwa gundi peke yake inaweza kuachana na boliti ndani ya oili ya moto. Tafuta ambayo sumaku imezamishwa ndani ya chuma na kukunjiwa kingo, yenye uzi sawasawa na wa sampu yako, na isiyo ndefu kuliko ya zamani ikafika kwenye kitu ndani. Lakini wewe unayo tayari ya kiwandani. Ibaki hiyo hiyo. Nunua wosha mpya kila unapoifungua, na usiikaze kwa hasira; uzi wa sampu ya alumini ukishavuliwa, gharama yake hutaipenda. Kitabu cha gari kinataja kipimo cha kukaza. Kifuate.

Kilomita 20,000 nitakujibu kwa ufupi: hapana. Oili haichoki kwa sababu ya chuma peke yake. Inachanganyika na oksijeni ikiwa ya moto, inapata asidi kutoka kwenye moshi unaovuka ringi, inameza petroli na unyevu kila unapowasha injini na kuizima kabla haijapata moto, na dawa zake zinatumika zikaisha. Ni kweli chuma na shaba vinaharakisha kuharibika huko, kwa hiyo kupunguza unga kuna faida ndogo. Sumaku haiwezi kuondoa asidi wala kurudisha dawa. Fuata kilomita za kwenye kitabu cha gari lako, na kama safari zako ni fupi fupi au za vumbi, tumia ratiba ya mazingira magumu iliyoandikwa humo humo.

Nikichepuka kidogo: kama unapenda sana sumaku, zipo sehemu za gari ambako zinastahili heshima kuliko kwenye injini. Giaboksi ya kawaida na difu, yaani gia zinazogawa mwendo kwa magurudumu, kwa kawaida hazina filta. Oili inakaa humo makumi ya maelfu ya kilomita, meno ya chuma yanasagana, na kilichotoka kinabaki humo humo. Huko boliti ya sumaku ndiyo kichujio pekee. Giaboksi nyingi za otomatiki pia hutoka kiwandani zikiwa na sumaku kadhaa chini ya sampu yake. Kwenye helikopta wamekwenda mbali zaidi: sumaku iliyo ndani ya oili ya giaboksi ina nyaya mbili zisizogusana, chenga zikijaa hadi kuziunganisha, taa inawaka mbele ya rubani, naye anatafuta pa kutua. Utaona kwamba hata huko sumaku imewekwa ili iseme.

Basi tujifunze kuisikiliza. Ugumu wa kesi yako ni kwamba hujui boliti hiyo ilifutwa mara ya mwisho lini. Aliyekuwa na gari kabla yako huenda alimwagia oili mahali wanapoifyonza kwa juu kwa mpira, boliti isiguswe miaka mitatu. Tope uliloliona linaweza kuwa la kilomita 8,000 au la 60,000, na kati ya hizo mbili kuna tofauti kubwa. Kwa kuwa sasa umelifuta, hesabu inaanza upya. Andika kilomita za leo. Ukifikisha 5,000, mwaga oili tena ikiwa vuguvugu, isiwe ya moto wa kuunguza, pokea boliti kwa mkono wenye glavu na uipige picha kabla ya kuigusa. Fanya ule mtihani wa vidole. Mimina kiasi cha oili kwenye chombo cheupe na uizungushe juani ukitafuta mmeto wa fedha au wa shaba. Kisha kata filta, na usiikate kwa msumeno, kwa kuwa msumeno unatoa chenga zake mwenyewe na utajitisha bure; kuna kisu cha kuzungusha kama cha makopo. Kunjua karatasi, pitisha sumaku juu yake ukiwa umeizungushia nailoni. Vinavyoruka ni chuma. Vinavyobaki vikimeta ni alumini au beringi. Vya rangi ya shaba ni beringi au bushi.

Ukungu laini kwenye sumaku na karatasi isiyometa: endelea na maisha yako, rudia zoezi kila unapobadili oili. Unga ukiwa mwingi kuliko mara iliyotangulia kwa kilomita zilezile, huku mikono haihisi punje, chukua oili kidogo kwenye chupa safi ipimwe maabara. Watakupa kiasi cha chuma, shaba, risasi, alumini na silikoni kila kimoja peke yake, na silikoni, ambayo ni alama ya vumbi la mchanga, ikiwa juu pamoja na chuma, kagua njia ya hewa kabla hujaigusa injini. Ila elewa kwamba vipimo vya kawaida vya maabara huona chenga ndogo. Vipande vikubwa vinavipita. Ndiyo maana filta iliyokatwa na maabara vinakwenda pamoja.

Vipande unavyoweza kuviokota kwa kucha, sindano za chuma, au mmeto wa shaba usiohitaji miwani kuuona, hivyo usisubiri kilomita nyingine 5,000. Usiwashe injini ukaisikilize zaidi kwa udadisi. Mwite fundi aliye na geji ya presha ya oili, apime presha halisi kwenye injini iliyopata moto, kisha afungue sampu atazame beringi za koni na za krenki kwa macho yake. Hivyo hivyo ukisikia kugonga kutoka chini, au taa ya oili ikiwaka hata kama ni kwa kupepesa kwenye kona: zima hapo hapo, pima stiki, na kama oili ipo na taa bado inawaka, gari livutwe. Beringi iliyoanza kuliwa inaweza kubadilishwa ikiwa krenki bado ni nzima. Ukiendesha kilomita 30 kulifikisha nyumbani, krenki nayo huingia kwenye hesabu.

Kitu kimoja cha kufanya leo, kabla hujasahau: angalia filta ya hewa na bomba linalotoka kwake kwenda kwenye injini. Pitisha kidole ndani ya bomba, upande wa baada ya filta. Kikitoka na vumbi, umepata kazi ya kwanza, na hakuna sumaku itakayokufanyia.